Mchezo wa Kimya

Mjukuu wangu akiwa na mashindano ya tenisi, mimi humpigia simu asubuhi. Humpigia tena akiwa njiani. Na magoti yakikubali nifike uwanjani mwenyewe, hukaa karibu na ule waya wa ua nikamwongelesha mpaka kocha wake anitazame vibaya. Nitamwuliza kama amekula. Nitamwambia paka wa jirani amezaa kitandani kwangu. "Shosho, wacha ni-focus," ananiambia. Aka! Siwachi. Hapa mtaani Huruma kila mtu anajua nina mdomo, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa sababu ya huo mdomo. Kuna wakati niliishi na watu wangu bila kusemeshwa, na kidogo tu akili iniruke.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikuwa wakati wa masetla wa Kizungu. Ngano yote unayoona ukielekea Turbo ilikuwa yao, na sisi tulikuwa watu wa kupita kando. Baba alikuwa karani wa steshoni ya reli hapa Eldoret. Kwetu ni magharibi, ng'ambo ya Turbo, lakini kazi ndiyo ilituleta, tukapewa chumba katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango ukiangalia mlango wa jirani, jiko moja la watu wengi. Tulikuwa Baba, Mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Kelele haikukosekana. Mama alikuwa akisimulia mambo akipika, akisimulia akifua, na akikosa wa kumsimulia aliiambia sufuria. Hayo maneno aliyatoa kwa mama yake. Nyanya ndiye aliyenilea kule nyumbani mpaka nikafika umri wa shule, na hata baada ya kuja mjini alikuwa akinitumia kikapu cha njugu karanga kwa gari la moshi, pamoja na salamu ndefu ambazo yule aliyebeba kikapu alilazimishwa kuzishika kichwani.

Tenisi ilinijia kwa bahati. Shule yetu ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji, na mwalimu mkuu alikuwa mwanamke Mzungu. Tulimwita Memsabu. Alikuwa ametengenezewa uwanja wa udongo wa murram, mistari ya chokaa, na kila jioni alicheza na Mzungu mwenzake aliyetufundisha kushona. Yule wa kushona akarudi kwao Ulaya. Memsabu akabaki na raketi mbili na hana wa kucheza naye. Siku moja alinikuta nikipiga mpira wa raba kwa kiganja kwenye ukuta wa tangi la maji, nikiupiga na kuupiga tena wala hauniponyoki, akasimama akaniangalia muda mrefu. Kesho yake akanipa raketi.

Nilikuwa mzuri. Sitajifanya mnyenyekevu sasa, nimezeeka mno kwa mambo hayo. Mkono wangu ulikuwa na nguvu na macho yangu yalikuwa yanaona mpira kabla haujafika. Memsabu akaniingiza katika mashindano ya shule za misheni, yaliyokuwa yakichezwa kila Jumamosi muhula mzima kugombea kombe. Nikahitaji nguo nyeupe. Mama alinishonea gauni la mifuko ya unga wa ngano, akalifua kwa bluu mpaka likang'aa, ijapokuwa maandishi ya kinu cha kusagia yalibaki yakionekana kidogo mgongoni. Liliishia juu ya magoti, kwa sababu Memsabu alisema lazima liwe hivyo. Nilipolivaa mara ya kwanza Baba aliliangalia, akakohoa, akatoka nje. Kikohozi hicho nilikiweka moyoni.

Jumamosi ya kwanza landi nzima ilikuja kunitazama. Walikaa kwenye nyasi, wanawake na leso zao, watoto mbele. Hawakujua kinachoendelea, lakini walipoona mpira umenijia nami nimeurudisha kwa nguvu, Mama aliruka juu akapiga vigelegele, na wanawake wote wakamjibu. Mimi nilichanganyikiwa kwa furaha, mpira uliporudi ukanipita.

Memsabu alisimamisha mchezo. Akatembea mpaka pale Mama alipokuwa, akaweka kidole mdomoni, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, watu wote wakisikia: "Tenisi ni kimya. Mama usiseme na mchezaji. Ukisema, akili yake inapotea. Unaelewa?" Mama alikaa chini. Alijifunika leso mpaka usoni, mwanamke mzima, kama mtoto aliyekemewa kanisani. Nilishinda siku hiyo, na hakuna aliyeniambia pole wala hongera. Tulirudi nyumbani kimya kimya, tukifuatana.

Nilidhani Mama ataamka amesahau. Lakini Ijumaa iliyofuata nilipotoka shule nikamkuta akisimulia jambo jikoni, akaniona, akakata katikati. Akanisukumia sahani. Nikamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akatikisa kichwa, akageukia moto. Asubuhi ya Jumamosi Baba alinipita mlangoni bila hata kunijulia hali. Nikaibeba raketi nikaenda kucheza.

Wiki iliyofuata walianza Alhamisi. Wiki nyingine walianza Jumatano. Basi kimya kikasonga mbele hivyo hivyo, mpaka nikawa kila siku naishi katika nyumba ya watu walionyamaza. Mdogo wangu, niliyekuwa nikilala naye mkeka mmoja, alihamishiwa kwa jirani. Nilimwuliza kwa nini akafumba mdomo kwa mikono miwili, akakimbia. Kwenye mfereji, wanawake waliokuwa wakinitania "Tenisi huyo! Tenisi anakuja!" walinyamaza nikifika, wakajishughulisha na ndoo zao. Nikiondoka nilisikia wakianza tena kuongea nyuma yangu.

Sasa wewe niambie, mtoto afikirie nini? Mimi nilijua ni gauni. Nimewaonyesha watu mapaja, nimemfanya mama yangu aaibishwe na Mzungu mbele ya majirani, na watu wangu wamekata shauri kwamba mimi si mtu wa kusemeshwa tena. Lakini kama ndivyo, mbona hawakunikataza kucheza? Hilo nalo nililipatia jibu. Wanataka nishinde, nilijiambia. Nikilipata lile kombe aibu itafutika, na Mama ataongea nami. Nikishindwa, basi tena. Kombe lenyewe sikulihitaji hata kidogo. Nilichotaka ni Mama anisemeshe.

Ugonjwa ulianza hapo. Siku hizi wajukuu wana majina yake, wanayataja kwa Kiingereza bila wasiwasi wowote, na mimi nafurahi wanayo. Sisi tulikuwa na neno la homa na tulikuwa na neno la wazimu. Katikati hakukuwa na neno. Moyo ulikuwa ukienda mbio nikiwa nimekaa tu darasani. Chakula kilikataa kushuka. Usingizi ulinikimbia, na nikifumba macho nilisikia mpira ukidunda, ukidunda, ukidunda. Mikono ilikufa ganzi mpaka vidole. Nikawa naenda nyuma ya ile miti ya krismasi iliyozunguka shule, nalia, halafu nanawa uso na kwenda mazoezini. Nikaanza kuongea na mpira. Nilikuwa naushika mkononi nauambia, "Habari ya asubuhi? Umelalaje?" Nilikuwa najijibu mwenyewe, kwa sauti ya Mama. Usicheke. Ilikuwa sauti nzuri na niliihitaji.

Nilimwambia Memsabu kwamba moyo wangu unakimbia. Akanipima joto kwa mkono, akanipa kwinini, akasema nisali na ninywe maji mengi. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri ni malaria, kila kitu kilikuwa malaria wakati huo.

Kisha, siku chache kabla ya fainali, Mama akatoweka. Nilitoka shule nikakuta hayupo. Baba alikuwa anapika ugali, jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani, na ulikuwa umeungua. Nikamwuliza Mama ameenda wapi. Akaelekeza kijiko upande wa magharibi, upande wa reli inakoelekea, akaendelea kukoroga. Nikajua ameenda nyumbani. Nikajua ameondoka kwa ajili yangu. Nakumbuka nilikaa kwenye kizingiti na gauni lile magotini, nikiyakwaruza yale maandishi ya kinu kwa kucha, nikidhani yakitoka atarudi.

Alirudi siku moja kabla ya mchezo, amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, macho yamevimba. Hakuja na kikapu cha njugu. Alinitazama, mdomo ukafunguka kidogo, kisha akamtazama Baba, akaufunga.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja wetu. Niliyecheza naye alikuwa msichana mrefu wa kutoka Kisumu, aliyekuja na mwalimu wake na mama yake mzazi. Watu wetu walikaa kwenye nyasi zao zile zile, lakini safari hii wamepangana mstari, kama wako kwenye ibada, Baba kofia magotini. Hakuna aliyepiga hata chafya. Seti ya kwanza niliishinda. Sijui niliishinda vipi. Mwili ulikuwa unacheza peke yake na mimi nilikuwa mbali, natazama.

Tulipopumzika kubadilisha upande, yule msichana wa Kisumu akaenda kwa mama yake. Mama yake akampangusa jasho kwa leso, akamfunga kamba ya kiatu, akamwambia kitu, wakacheka wote wawili. Memsabu alikuwa amesimama hapo hapo karibu nao na hakuweka kidole mdomoni. Nilisimama nimeshika chupa yangu ya maji. Kumbe mchezaji anaweza kusemeshwa! Kumbe si sheria! Basi ni mimi tu, nikajiambia. Ni mimi ndiye nisiyefaa kusemeshwa.

Niliwageukia watu wangu. Wote walikuwa wanatazama chini. Mama alikuwa amejaza pindo la leso mdomoni, ameling'ata, machozi yanamtiririka.

Nikarudi kwenye mstari. Ilikuwa zamu yangu kuanzisha. Niliurusha mpira juu, na mkono ukakataa kuinuka. Mpira ukanishukia begani. Memsabu akasema, "Cheza." Nikauokota, nikaurusha tena, mkono ukakataa tena. Sikuwa na hasira, sikuwa na woga hata. Nilikuwa nimeisha. Nikaiweka raketi chini, kwa upole kabisa, nikavuka mstari wa chokaa nikaenda mpaka kwenye nyasi, nikasimama mbele ya Mama.

"Mama, nimewakosea nini?"

Alimtazama Memsabu kule uwanjani, kisha akanitazama, leso bado iko mdomoni.

"Kama ni gauni nitalichoma," nikasema. "Mama, mimi ni mgonjwa. Siisikii mikono yangu. Nisemeshe. Hata kama ni matusi, nitukane tu."

Baba akanong'ona, "Mama watoto, mchezo haujaisha." Nasikia mpaka leo alivyonong'ona, kwa hofu, kama mtu anayezuia ajali.

Mama akaitoa leso mdomoni.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilianguka magotini pake. "Sijala," nikamwambia. "Tangu lini hujala?" "Sijui." Akamgeukia Baba kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Unaona? Si nilikuambia? Si nilikuambia huyu mtoto hali? Mtoto anakonda mbele ya macho yangu nami nimeng'ata kitambaa kama kichaa! Tenisi gani hiyo? Hiyo ni tenisi gani?" Memsabu alikuwa anaita jina langu. Aliita mara nyingine, akasema nisiporudi nimeshindwa. Mama alikuwa ameanza kunipangusa uso na ile leso iliyolowa mate yake, huku anaongea, anaongea. Sikurudi. Kombe likapanda gari la moshi likaenda Kisumu, na sijawahi kulitamani hata siku moja.

Tulitembea kurudi nyumbani kando ya reli, na ndipo Baba alinieleza. Alieleza akitazama mbele, sauti yake ya ofisini. Memsabu alisema mchezaji akisemeshwa akili inapotea. Yeye ni mtu wa reli, hilo alilielewa sana. Dereva wa gari la moshi hasemeshwi akiwa kazini, imeandikwa pale pale kwenye injini. Tena dereva mzuri ananyamaziwa hata kabla hajapanda, ili kichwa kitulie. Kwa hiyo aliita familia, akaita na majirani, akawaambia mtoto huyu anaweza kushinda mbele ya Wazungu, tumsaidie. Walipoona nimeshinda Jumamosi moja baada ya kimya cha siku moja, wakaongeza siku. Kila nilivyoendelea kushinda ndivyo walivyoamini dawa inafanya kazi. Wale wanawake wa mferejini walikuwa wakiwapiga watoto wao makofi kwa kunisalimia.

"Baba," nikamwuliza, "mimi ni gari la moshi?"

Aliivua kofia, akaiangalia ndani. "Nilidhani ninakusaidia," akasema. Akapangusa macho na hiyo kofia. Nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kutaka kurusha mawe, na wakati huo huo nilimhurumia, na sikujua niweke wapi yote mawili. Hasira ile bado ninayo. Nimempenda miaka yote nikiwa nayo.

Muhula uliofuata nilirudi uwanjani, kwa sharti langu: Mama akae karibu, na tukibadilisha upande aniambie lolote analotaka. Memsabu alikubali, midomo ameikaza. Nilishinda mara, nikashindwa mara. Ganzi ya mikono haikwisha, ilikuwa inakuja na kuondoka, hata nilipokuwa mama wa watoto ilinitembelea. Lakini nilikuwa nimejifunza kusema, "Leo imekuja," na mtu akanijibu.

Ila bado sijasimulia jioni ya siku ile ya fainali. Tulipofika nyumbani Mama alinipikia uji, akakaa mbele yangu kuhakikisha unashuka. Jikoni kulikuwa na joto. Akakifungua kile kitambaa ajipepee, na nikaona kichwa chake kimenyolewa, kinang'aa. Kwetu mwanamke hanyoi hivyo bila sababu. Anayenyolewa ni yule aliyetoka kuzika mtu wake.

Nikaweka bakuli chini. "Nani?" nikamwuliza, ingawa nilikuwa nimeshakumbuka kwamba kikapu hakikuja.

"Nyanya yako," akasema. "Alikuwa mgonjwa tangu mvua zilipoanza. Alikuulizia. Kila aliyeingia alimwuliza, mtoto wangu yuko wapi, mbona haji. Baba yako alisema usiambiwe mpaka mchezo uishe, utapoteza akili. Tukamzika bila wewe."

Nilipiga ukelele uliofanya landi nzima itoke nje. Hakuna aliyeninyamazisha.

Baadaye Mama alichota maji kwenye karai, akatoa wembe, akanikalisha kwenye kigoda nje ya jikoni, jua likiwa limeinama upande wa reli. Nilikuwa sijatupa udongo kaburini, angalau ninyolewe. Akanilowesha kichwa, akaanza, na akaanza kusimulia pia. Aliniambia Nyanya alivyokuwa akitukana dawa chungu. Aliniambia nani alichimba, nani alichelewa, nani alilia kwa kelele ilhali alikuwa na deni la kuku kwa marehemu. Alinipa maneno yote niliyokuwa nimenyimwa muhula mzima, yakiwa yamechanganyika, ya kifo na ya majirani na ya bei ya sukari. Nywele zilianguka mapajani mwangu, juu ya lile gauni jeupe. Zilipokwisha, Mama aliendelea kupitisha wembe pole pole mahali palipokwisha kunyolewa, kwa sababu hakuwa amemaliza kuongea, nami sikumwambia nywele zimekwisha.